Mapipa na tangi la mtumba kwa maji ya mvua: pipa nililojutia na mzee wa Buguruni

Nyuma ya nyumba yangu Kivule, Dar es Salaam, kuna mapipa matatu ya bluu na tangi moja jeupe la lita 1,000. Yote ni ya mtumba na yote yanakinga maji ya mvua. Kabla ya hayo nilikuwa na pipa jingine, na ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu masika yanakaribia na najua kuna mtu hivi sasa anapatana bei ya pipa kama lile.

Wazo lilianza Oktoba 2022, Mto Ruvu uliposhuka na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Kwetu tuko sita. Tukijibana tunatumia madumu kumi kwa siku, na dumu moja nililinunua mpaka kwa shilingi 600. Simtanki la lita 5,000 lilikuwa juu ya uwezo wangu mwaka ule. Nikasema nianze na pipa.

Februari 2023 nikalipata kando ya barabara. Kijana alikuwa amepanga mapipa kama kumi, yameoshwa yanang'aa, mifuniko imekaa vizuri. Nikachagua lililokuwa zuri kuliko yote, shilingi 45,000. Nikamwuliza lilikuwa na nini. Akanijibu, "Juisi, mama." Ubavuni palikuwa na alama ya mraba ya gundi, karatasi yake imebanduliwa. Niliuona ule mraba kwa macho yangu, ila sikujua niulize nini.

Mvua ya kwanza ya Machi ililijaza usiku mmoja. Asubuhi maji yalikuwa meupe, sikuona kasoro. Saa nane mchana jua limeshalipiga, nikafungua nichote maji ya kufulia sare za watoto. Ile harufu naijua. Nimekulia Kilosa, baba alikuwa analima pamba, na siku za kupulizia dawa mama alikuwa anatufungia ndani. Ilikuwa harufu ile ile, imetoka kwenye pipa la "juisi".

Sikufua wala sikudekia. Nikayamwaga mbali na bustani ya mchicha, nikaanza kuosha. Sabuni ya unga, jivu, limau, maji ya moto, mara nne ndani ya wiki mbili. Jioni pipa halina harufu kabisa, mchana jua likipiga harufu inarudi. Baadaye nilielewa kwa nini. Plastiki ya mapipa haya inafyonza dawa na mafuta, vinaingia ndani ya ukuta wake, kisha vinatoka kidogo kidogo kila inapopata joto. Unachokiosha ni uso tu. Pipa lililobeba dawa ya mashamba halifai tena kwa maji, hata ulioshe mwaka mzima.

Mzee niliyemkuta baada ya hapo nilielekezwa na fundi bomba wetu. Yuko Buguruni, uchochoroni, upande wa kwenda Vingunguti. Hana kibao wala jina la duka. Ukifika eneo lile ukauliza mzee wa mapipa, watoto wenyewe watakupeleka. Ni uwanja mdogo uliozungushiwa mabati: mapipa upande wa kushoto, matangi makubwa ya keji, kama hilo langu jeupe, upande wa kulia, katikati mwembe na benchi.

Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu. Unataka la maji au la kazi nyingine?"

Hilo swali peke yake lilinifanya nikae kwenye benchi. Kote nilikopita hakuna aliyeniuliza pipa ni la kazi gani. Nikamweleza yaliyonipata. Hakucheka wala hakumponda yule kijana. Alinyanyuka, akaviringisha pipa moja kutoka kwenye kivuli, akafungua kizibo, akaniambia, "Nusa." Nikanusa, hamna kitu. Akakirudisha kizibo, akakikaza, akalisimamisha juani. Tukakaa. Akaniuliza habari za nyumbani, paa langu ni la bati au la vigae, gata ninayo au sina. Baada ya robo saa hivi akaligusa ubavuni kwa kiganja, akaona limeshika moto, akafungua tena kizibo na kunisogezea. "Sasa nusa."

Ilitoka harufu kama ya mafuta ya kupikia yaliyokaa muda mrefu. "Hilo mafuta ya kula," akasema. "Litakusumbua kuosha lakini halina madhara. Lile lako ungelipitisha hapa usingelinunua." Kipimo hicho ni cha bure na kinachukua muda mfupi kuliko kupatana bei. Muuzaji asiyekubali ulifunge pipa lake na kulianika juani kabla hujalipa, mimi simwamini tena.

Kisha akanifundisha kulisoma pipa. Chini au ubavuni kuna pembetatu ya mishale yenye namba 2 ndani, maana yake ni ile plastiki ngumu inayotumika kwa vyakula na kemikali pia. Kwa hiyo namba 2 pekee haikuambii pipa ni salama, na wauzaji wengi wanaionyesha kama ushahidi. Inakueleza pipa limetengenezwa kwa plastiki gani, haikuelezi lilibeba nini. Kuna duara dogo kama uso wa saa lenye mshale, mwaka katikati na miezi pembeni, hiyo ni tarehe ya kutengenezwa. La kwanza alilonipa lilikuwa la 2021. Kuna mstari unaoanza na herufi UN, kisha 1H1 kwa pipa lililofungwa juu lenye vizibo viwili, au 1H2 kwa lile la mfuniko mpana wenye pete ya chuma. Huo nao unaeleza aina ya pipa tu.

Kinachoeleza lilichobeba ni karatasi. Ndiyo maana mzee habandui karatasi hata moja, na ndiyo maana ule mraba wa gundi ulipaswa kunistua. Kwenye karatasi tafuta alama za umbo la almasi zenye mpaka mwekundu: fuvu la kichwa, samaki aliyekufa kando ya mti mkavu, au kimiminika kinachounguza mkono. Ukiona fuvu au samaki, acha. Yeye mapipa ya namna hiyo anayaandika X kubwa kwa chaki na kuyaweka nyuma kabisa. Anayauza kwa wanaobebea mchanga, na anamwambia mnunuzi waziwazi. Mbele yangu alimkatalia mama mmoja aliyetaka la X kwa sababu lilikuwa rahisi na alikuwa anakingia maji. Alimwambia, "Dada yangu, hela yako naitaka, lakini si kwa hili."

Nilichukua mawili siku hiyo, moja la mafuta ya kula na moja la sharubati ya glukosi kutoka kwa watengeneza pipi, shilingi 55,000 kila moja. La glukosi ndilo ninalompendekezea kila mtu. Sukari inayeyuka kwenye maji, haiingii kwenye plastiki. Nilisuuza mara tatu, nikalijaza, nikaliacha siku mbili juani, nikamwaga. Basi. Sisimizi walikuja siku ya kwanza tu. La mafuta lilinitoa jasho: maji ya moto, sabuni ya kipande iliyokunwa, kulibingirisha na watoto uwanjani kama mpira, mara tano, mpaka maji yakatoka bila utando juu.

La tatu lilikuwa la malighafi ya sabuni ya maji, ile nzito wanayoiita slesi. Yako mengi Dar kwa sababu kina mama wengi wanatengeneza sabuni za kuuza. Harufu yake si mbaya, ila povu haliishi. Nilisuuza mpaka nikachoka na bado mvua kubwa ikiingia linatoa povu jembamba pembeni. Nalitumia kwa choo na kudeki tu, na nimeliandika kwa rangi ili mgeni asikosee. Hapo mzee nampunguzia alama: aliniambia litaisha kwa suuza tatu, na mwaka wa pili huu halijaisha.

Jambo jingine alilonionya, na nalirudia kwa msisitizo: usimimine jiki kwenye pipa la mtumba usilolijua. Kama lilikuwa na asidi na mabaki yamo, jiki ikikutana nayo inatoa hewa ya klorini, na hewa hiyo ikikukuta umeinamisha kichwa ndani ya pipa unasugua, inakubana kifua pale pale.

Mapipa ya chuma nayapita haraka. Jirani yangu alikuwa nalo, misimu miwili ya mvua likaoza chini. Anayetaka kulikata juu kwa grainda ajue kwamba mvuke wa mafuta uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Sasa tangi la keji. Ni lile la mraba, jeupe, limezungushiwa mabomba ya chuma na kukalia chaga, watu wa viwandani wanaliita IBC. Nilirudi kwa mzee Februari 2024 nikalipata kwa shilingi 230,000, lilikuwa limebeba mafuta ya kula. Karatasi ipo, mpira wa koki upo, kipimo cha jua limefaulu. Tupu linakaribia kilo 60, kwa hiyo watu wawili wanalibeba. Kirikuu ililileta kutoka Buguruni kupitia Banana na Kitunda kwa shilingi 40,000. Mzee hapeleki mzigo, usafiri unajitafutia mwenyewe, na kwa mtu wa mbali hilo ni gharama ya kuhesabu mapema.

Lina mambo matatu ambayo sikuambiwa na mtu.

La kwanza ni koki. Uzi wa mdomo wa koki ya tangi hili una meno mapana, hauendani na bomba lolote la dukani kwetu. Nilinunua koki ya inchi mbili, fundi akajaribu, haikuingia. Inahitajika adapta ya plastiki inayobadilisha uzi. Mzee anazo, shilingi 12,000, lakini hakunitajia siku ninanunua, nikapanda daladala kurudi Buguruni kwa ajili ya kitu kinachotosha kiganjani. Ukinunua tangi, chukua adapta hapo hapo na uijaribu hapo hapo.

La pili ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo likijaa una zaidi ya tani moja imekaa kwenye meta moja na kidogo za mraba. Mimi nililipandisha juu ya tofali za bloku kozi mbili, kwa sababu koki yake iko chini sana na dumu la lita 20 halipiti hapo. Wazo lilikuwa sahihi, msingi haukuwa sahihi. Sikushindilia ardhi. Mvua za Aprili zikalowesha udongo, upande wa bondeni ukazama, tangi likainama kuelekea ukutani. Hakuna aliyeumia, lakini mtoto wangu wa mwisho huwa anacheza pale. Tulilitoa maji yote, fundi akachimba, akamwaga zege jembamba, akapanga bloku upya. Hiyo ifanyike mwanzo, kabla tangi halijapata tone.

La tatu ni ukijani. Tangi jeupe linapitisha mwanga, na wiki ya tatu kuta zilianza kuteleza, maji yakawa na rangi ya mchuzi wa mlenda. Nikalipaka rangi nyeusi ya mafuta. Plastiki ile haishiki rangi, baada ya miezi miwili ikawa inabanduka vipande vipande kama ganda la ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nilichofanya mwisho ndicho kilichofaa: nililiosha, nikalivisha turubai jeusi lililoshonwa kama shuka la godoro, nikaacha uwazi wa koki na mfuniko. Mimi ni fundi cherehani, ilinichukua mchana mmoja. Toka hapo ukijani haujarudi. Mapipa ya bluu hayana shida hiyo kwa kiasi kikubwa, na kwa mtu anayeanza hiyo ni sababu nzuri ya kuanza na pipa.

Maji mangapi unapata? Hapa ndipo nilipokosea kabla ya kuanza, nikidhani pipa moja litatosha. Mvua ya milimita moja kwenye meta moja ya mraba ya paa ni lita moja. Upande mmoja wa paa langu ni meta 9 kwa 4, yaani meta za mraba 36. Mvua ya milimita 10, ambayo kwa masika ni mvua ya kawaida, ni lita 360. Toa zinazoruka nje na kupotea kwenye gata, unabaki na kama 300. Pipa la lita 200 linajaa na kumwagika kabla hujaamka. Ndiyo maana nimeyaunga mapipa matatu kwa bomba karibu na juu, la kwanza likijaa linamimina kwa la pili, na la slesi nimeliweka mwisho ili maji yake yasirudi kwa mengine. Tangi limekaa kwenye gata ya upande wa pili. Yote yakijaa nina lita 1,600, wiki moja ya nyumba yetu bila kununua dumu.

Mvua ya kwanza siikingi. Paa la Kivule linakaa miezi likipokea vumbi, kinyesi cha ndege na majani ya mkorosho. Fundi aliweka bomba la PVC la inchi nne, limesimama wima, meta mbili na robo, kabla maji hayajafika kwenye pipa. Linabeba kama lita 18, nusu lita kwa kila meta ya mraba ya paa. Maji machafu ya mwanzo yanaingia humo, likijaa ndipo mengine yanapita kwenda kwenye pipa. Chini lina kitundu kinachodondosha taratibu mpaka linakwisha na kuwa tayari kwa mvua inayofuata. Siku ya kwanza ya vuli niliyakinga yale maji ya bomba kwenye beseni nione. Yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yanaelea manyoya.

Na mbu. Dar tumepigwa na dengi 2014 na tena 2019, na mbu wake anapenda hasa maji yaliyotulia kwenye vyombo vya nyumbani kama hivi. Ndiyo sababu nilikataa kukata mapipa juu kama majirani wanavyofanya. Nimeyaacha yamefungwa, nikatoboa tundu la inchi nne tu, na kila tundu nimelivisha chandarua mara mbili na kukikaza kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Bomba la kumwagia ziada nalo lina chandarua, wengi wanalisahau. Mayai ya mbu huyu yanagandia ukutani mwa pipa, yanakaa miezi bila maji, na yanaanguliwa maji yakirudi, kwa hiyo kiangazi nasugua kuta kwa brashi hata kama pipa ni kavu. Pipa lililofungwa pia haliwezi kumtumbukiza mtoto.

Maji haya tunafulia, tunaoga, tunaoshea vyombo, tunamwagilia. Hatuyanywi. Najua wapo wanaoyachemsha na kunywa, lakini kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi kemikali, na chombo cha mtumba hata kikifaulu kipimo cha jua sikipi imani ya kiasi hicho. Ya kunywa tunachukua ya bomba siku yanapotoka, tunachemsha.

Kuhusu mzee mwenyewe: hatoi risiti, anaandika kwenye daftari lake. Pipa la mafuta lilipotoa maji kwenye kizibo wiki ya kwanza, nilirudi bila karatasi yoyote, akafungua daftari, akaona tarehe, akanipa kizibo kipya chenye mpira mzima bila neno. Bei zake zinazidi za barabarani kwa shilingi elfu kumi hivi kila pipa, na Machi zikianza mvua zinapanda tena, kwa hiyo nenda Januari au Februari, asubuhi kabla ya saa nne, jua likiwa linaanza kushika moto lakini hajapata wateja wengi.

Jumamosi hii nakwenda kumchukulia dada yangu wa Chanika mapipa mawili ya glukosi, mzee ameshayaandika jina kwa chaki. Lile la kwanza la dawa bado liko uani kwangu. Nimelitoboa matundu saba chini kwa msumari wa moto, ili siku nikihama asije mtu akaliona zuri akalikingia maji.